BUNDUKI NYEPESI KWA WANYAMA WAHARIBIFU: TAZAMA KWANZA KILICHO NYUMA YA MNYAMA

Askari aendapo likizoni kwao, iwe ni Lumino, Majanji, Buteba au Mella, au ng'ambo ya mpaka huko Funyula na Amukura, hakosi kukuta shauri moja likimngojea. Wazee humkaribisha, humwuliza habari za kambi na za safari, kisha mazungumzo huelekea shambani. Tumbili wamevunja mahindi mabichi yangali na maziwa. Nguruwe mwitu wamefukua mihogo usiku. Karanga zilizopandwa juzi zimefukuliwa kabla hazijaota. Watoto wawili wa jirani hawakwenda shule juma zima, kwa kuwa mmoja hulinda upande wa mto na mwingine hulinda upande wa kichaka. Ndipo mzee mmoja humgeukia mgeni na kumwambia kwamba yeye, aliyefundishwa kulenga shabaha kwa fedha ya serikali, ndiye awezaye kuwaondolea adha hiyo.

Ombi hilo ni la haki, na anayeliomba anastahili heshima. Gunia la mahindi lililoliwa na tumbili ni karo ya shule iliyopotea. Lakini jibu lake si jepesi kama linavyodhaniwa. Askari aliyezoea uwanja wa shabaha, wenye tuta la udongo mbele na bendera nyekundu juu, akisimama katika shamba la nyumbani kwao anasimama mahali pasipo tuta wala bendera. Nyuma ya mahindi kuna njia ya kwendea kisimani. Nyuma ya njia kuna nyumba. Kwa hiyo makala haya yataeleza namna ya kuchagua bunduki nyepesi na darubini yake kwa shabaha ya karibu, na katika kila hatua yatarejea kwenye swali moja: risasi hii, ikiisha kumpita mnyama au kumkosa, itasimama wapi?

NCHI YA MASHAMBA YALIYOBANANA

Yeyote aliyepita barabara ya Tororo kwenda Busia ameona jinsi nchi ilivyo. Mashamba ni madogo na yamepakana. Mihogo ya huyu imegusana na mtama wa yule. Katikati ya mashamba kuna vichuguu, miti ya matunda, mabaki ya msitu kandokando ya vijito, na majabali. Jabali la Tororo lenyewe, lipatalo mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, ni alama inayoonekana kutoka mbali, na mawe madogo ya namna yake yametawanyika mahali pengi. Kusini, vilima vya Samia vinashuka kuelekea Ziwa Viktoria. Nchi ya namna hiyo humfaa tumbili sana: ana mti wa kulala, jabali la kuchungulia, na chakula kilicholimwa na mwingine hatua chache kutoka hapo.

Katikati ya nchi hiyo unapita mpaka. Hadi mwaka 1902 sehemu ya magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda; mwaka huo ndipo ilipohamishiwa upande wa pili. Wasamia na Wateso wakajikuta wana ndugu huku na huku. Mahali pengine mpaka ni Mto Sio, pengine ni Mto Malaba, na ndani ya mji wa Busia ni barabara na nyumba tu. Tumbili huuvuka bila hati ya kusafiria. Risasi nayo huweza kuuvuka vivyo hivyo, na hapo ndipo jambo la shambani hugeuka kuwa jambo la serikali mbili.

Sheria za pande hizo mbili hazifanani. Nchini Uganda, tumbili, nyani na nguruwe mwitu wamehesabiwa kuwa wanyama waharibifu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ilizipa serikali za wilaya jukumu la kupambana na waharibifu hao, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ina masharti juu yao. Kazi hiyo ina historia ndefu: Idara ya Wanyama ya Uganda, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Kapteni Charles Pitman, iliundwa katika miaka ya 1920 hasa kwa sababu ya tembo waliokuwa wakiharibu mashamba. Idara hiyo iliunganishwa na Hifadhi za Taifa mwaka 1996 kuwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Nchini Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wanyama wasumbufu ni kazi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, yaani KWS. Hivyo tumbili yule yule aliyeitwa mwharibifu upande wa magharibi wa mto, akivuka maji, huwa chini ya ulinzi wa shirika jingine. Askari wa Funyula hana la kufanya kwa bunduki yake; kazi yake ni kupeleka habari KWS. Askari wa Lumino naye ataanza kwa afisa wa wilaya anayeshughulikia waharibifu, wala hataanza kwa kupakia risasi.

BUNDUKI YA KAZI HAIFAI

Wengi huuliza: kwa nini kutafuta bunduki nyingine, na hali tunayo ya kazi? Jibu la kwanza ni la sheria na nidhamu. Silaha ya serikali ni ya kazi ya serikali, na kila risasi yake ina hesabu. Askari anayeitoa ghalani kwa shauri la mahindi ya shangazi yake amevunja amri, hata kama shangazi ana haki.

Jibu la pili ni la ufundi. Risasi ya bunduki ya Kalashnikov ya milimita 7.62 ina uzito wa gramu 7.9 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 715 kwa sekunde. Ile ya .303, iliyotumika kwa miaka mingi katika polisi na katika idara za wanyama, ina gramu 11.3 na mwendo wa mita 744 kwa sekunde, na yaweza kusafiri karibu kilomita 3. Nguvu yake mtutuni yazidi jouli 3,000. Tumbili dume kwa kawaida ana uzito wa kilo 5 au 6 hivi tu. Risasi hiyo ikimpiga, haipungukiwi hata kidogo; itampita, itapita mahindi, itapita ukuta wa udongo wa jikoni.

Tena risasi ya kijeshi imeundwa makusudi ipite bila kupasuka. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza katika vita risasi zinazotanuka au kufumuka mwilini, na kwa sababu hiyo risasi ya askari huvikwa koti gumu la metali lililofunika ncha yote. Vitani jambo hilo lina ubinadamu wake. Shambani matokeo yake ni kinyume: mnyama hutobolewa na kukimbia kufia kichakani kwa mateso, na risasi huendelea na safari. Risasi ya waharibifu huwa na ncha laini au yenye tundu, ili imalize nguvu zake ndani ya mnyama au katika udongo wa kwanza itakaougusa. Kila moja ina mahali pake. Risasi ya ncha laini isitiwe kamwe katika mkoba wa vita, wala ya vita isitiwe katika kazi ya shamba.

RISASI NDOGO NA TABIA ZAKE

Miongoni mwa risasi ndogo, tano ndizo zinazotajwa mara nyingi.

Ya kwanza ni .22 Long Rifle, ambayo fataki yake imo ukingoni mwa kitako cha ganda. Risasi yake ina gramu 2.6, na mwendo wake ni baina ya mita 320 na 380 kwa sekunde. Ni ya bei nafuu, haisukumi bega, na ile ya mwendo mdogo, usiofikia mwendo wa sauti, haitoi mlio mkali. Inafaa kwa tumbili na nguchiro wa kuku, kwa umbali usiozidi mita 50. Zaidi ya hapo nguvu zake hupungua, na mnyama hujeruhiwa tu.

Ya pili ni .22 Winchester Magnum ya mwaka 1959. Risasi ni ya uzito ule ule, bali mwendo ni karibu mita 580 kwa sekunde, nayo huongeza umbali wa kazi hadi mita 90 au 100. Ya tatu ni .17 HMR, iliyotokea mwaka 2002. Risasi yake ni ndogo mno, gramu 1.1, nayo huenda kwa mita 777 kwa sekunde. Hulenga vizuri sana, lakini upepo huisukuma kwa urahisi.

Ya nne ni .22 Hornet, iliyoanza kuuzwa Marekani yapata mwaka 1930. Risasi ya gramu 2.9 hutoka kwa mita 820 kwa sekunde ikiwa na nguvu ya jouli 975 hivi, yaani theluthi moja tu ya nguvu ya .303. Ganda lake hujazwa baruti kidogo, mlio wake si wa kutisha kijiji, na mita 120 hadi 150 ni umbali wake wa halali. Ya tano ni .223 Remington, nduguye risasi ya kijeshi ya 5.56. Gramu 3.6 kwa mita 980 kwa sekunde: hiyo yafika mbali kuliko haja ya mashamba ya Tororo, na kufanana kwake na risasi ya kijeshi huleta kishawishi cha kuokota risasi zisizofaa na zisizo halali.

Sasa liko jambo moja linalowadanganya hata mafundi. Mtu hudhani kwamba risasi iliyo ndogo na ya polepole ndiyo salama. La hasha. Ile ya .22 Long Rifle, ya risasi tupu isiyo na tundu, ndiyo maarufu kwa kudunda. Kwa kuwa mwendo wake ni mdogo, haipasuki ikigonga; huteleza juu ya jabali, juu ya murramu iliyokauka au juu ya maji, kisha hugeuka upande na kwenda isikotarajiwa. Ikipigwa juu hewani, yaweza kwenda kilomita moja na nusu au zaidi, na mwishoni bado ina uwezo wa kuua. Risasi ya Hornet yenye ncha laini, ingawa ina nguvu mara tano, aghalabu hufumuka vipande vipande igusapo udongo mgumu. Hakuna risasi isiyodunda kabisa, lakini penye mawe hatari ya ile ndogo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Basi uchaguzi uwe hivi. Ikiwa kazi ni ya karibu na nyumba, ya tumbili na nguchiro, ndani ya mita 50, na udongo ni laini, .22 Long Rifle yenye tundu nchani yatosha. Ikiwa ni lazima bunduki iwe moja tu kwa tumbili na nyani, katika nchi yenye majabali, Hornet ndiyo inayofaa zaidi. Na kwa nguruwe mwitu, ambaye hufikia kilo 60 au 80 na hutembea usiku, hakuna hata mojawapo ya hizi ifaayo. Mnyama huyo aachiwe walinzi wa wilaya wenye bunduki kubwa na taa. Kumjeruhi nguruwe kwa risasi ndogo ni kumtega mwanamke atakayekwenda kuokota kuni kesho yake asubuhi.

UZITO, MTUTU NA KITAKO

Bunduki ya kazi hii ichukulike siku nzima bila kuchosha, kwa maana tumbili hangoji. Kilo 2.5 hadi 3 bila darubini ni uzito wa kufaa. Bunduki ya Lee-Enfield ilikuwa na kilo 4 hivi. Mifano mizuri ni bunduki ndogo za Kicheki. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kiwanda cha Brno kilitengeneza ZKW 465 kwa risasi ya Hornet, na baadaye ikaja CZ 527, zote mbili zikiwa na uzito wa kilo 2.8 hivi. Anayekuta mojawapo ikiuzwa na muuzaji mwenye leseni, ikiwa na mtutu safi, asiidharau kwa umri wake.

Mashine iwe ya kufungwa kwa mkono, risasi moja kwa kila mvuto wa bolti. Bunduki inayojipakia humfundisha mtu kutegemea risasi ya pili. Ya mkono humfundisha kuiheshimu ya kwanza. Tena bolti ikiwa wazi, kila mtu aliye karibu huona kwamba bunduki haina kitu, na hiyo ni faida kubwa mahali penye watoto wadadisi.

Mtutu wa sentimita 50 hadi 55 watosha. Mrefu zaidi hunasa katika mahindi na mfupi sana huzidisha mlio. Kitako cha mti ni kizuri machoni, lakini katika nchi ya mvua mbili kwa mwaka na unyevu wa ziwa, mti huvimba na kusukuma mtutu, na shabaha huhama bila mwenyewe kujua. Mwenye kitako cha mti akikague mwanzoni mwa kila msimu: karatasi ya kuandikia ipite bila kukwama baina ya mtutu na mti, kuanzia nchani mwa kitako kurudi nyuma, ikiwa bunduki imeundwa kwa mtutu ulioachwa huru.

DARUBINI: KUONA KWA UPANA

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Wauzaji husifu darubini yenye kukuza mara tisa, mara kumi na mbili, hata mara kumi na sita, na mnunuzi hudhani kwamba kukuza zaidi ni kuona zaidi. Kwa shabaha ya karibu, mambo ni kinyume. Darubini ya kukuza mara 4 huonyesha, kwa umbali wa mita 100, eneo lenye upana wa mita 9 au 10. Ikikuza mara 9, upana huo hushuka hadi mita 4 hivi. Mwenye kukuza mara 9 ataziona sharubu za tumbili, lakini hatamwona mtoto anayekuja na dumu la maji kutoka upande wa kulia. Mwenye kukuza mara 4 atawaona wote wawili.

Kwa hiyo darubini ya kukuza mara 4, yenye lenzi ya mbele ya milimita 32, ndiyo ifaayo kazi hii. Gawanya 32 kwa 4 upate 8: huo ndio upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalofika jichoni. Mboni ya jicho la binadamu gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, basi darubini hiyo hulipa jicho mwanga wote linaoweza kuupokea alfajiri, saa ambayo tumbili hushuka mtini. Ile ya milimita 40 ikikuza mara 9 hutoa duara la milimita 4.4 tu.

Jambo la pili ni umbali ambao darubini imetengenezewa. Ukitikisa kichwa kidogo nyuma ya darubini, msalaba huonekana kuhama juu ya shabaha, isipokuwa shabaha iwe kwenye umbali uliokusudiwa na kiwanda. Darubini za .22 ndogo aghalabu hupangwa kwa mita 45 hivi, na za bunduki kubwa kwa mita 90 na zaidi. Anayepachika darubini ya bunduki kubwa juu ya .22 na kulenga mita 25 atashangaa kwa nini risasi zinatawanyika, na huenda akailaumu bunduki bure.

La tatu ni unyevu. Darubini isiyojazwa hewa kavu ya naitrojeni kiwandani huingia ukungu ndani wakati wa mvua, na kuvu huota juu ya lenzi. Haisafishiki tena. Heri darubini moja ya kukuza mara 4 iliyozibwa vizuri kuliko mbili za kukuza sana zilizouzwa rahisi.

La nne ni adabu. Darubini ya bunduki si chombo cha kumtambua mtu. Anayeinua bunduki ili aone nani anapita njiani, amekwisha kumwelekezea jirani yake mtutu. Kwa kutazama, chukua darubini ya mkononi. Bunduki iinuliwe tu baada ya kujulikana kilichopo.

KUISAWAZISHA BUNDUKI NA DARUBINI

Bunduki iliyonunuliwa leo isiende shambani kesho. Kwanza ipelekwe uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Anza kwa mita 25, piga risasi tatu kwa utulivu, tafuta katikati yake, ndipo ugeuze vifundo. Darubini nyingi husogea milimita 7 hivi kwa kila mlio mmoja wa kifundo katika umbali wa mita 100, na nusu ya hiyo kwa mita 50. Ikiwa risasi zako tatu zimepiga sentimita 7 chini kwa mita 100, unahitaji milio 10; kwa mita 50 ungehitaji milio 20. Hesabu hiyo iandikwe na kubandikwa kitakoni.

Bunduki ya .22 Long Rifle isawazishwe kwa mita 50. Hapo mwenyewe ajue kwamba katika mita 75 risasi itashuka sentimita 5 au 6, na katika mita 100 itashuka sentimita 15 au zaidi, yaani itapita chini ya tumbo la tumbili na kwenda isikojulikana. Kushuka huko ndiko kunakoonyesha kwamba mita 50 ni mwisho wa kazi yake. Hornet isawazishwe kwa mita 100. Katika mita 50 tofauti ni ndogo isiyofaa kuhesabiwa, na katika mita 150 hushuka takriban sentimita 8.

Ukumbukwe pia kwamba jicho liko juu ya mtutu kwa sentimita 4 hivi. Karibu sana, tuseme mita 5, risasi hupiga chini ya msalaba kwa kiasi hicho. Mara nyingi mtu huona njia nyeupe katika darubini, kumbe mtutu wake unatazama gogo au ukingo wa ukuta ulio mbele yake. Kabla ya kufyatua, toa jicho darubinini, utazame mtutu.

KICHUGUU NI TUTA LAKO

Sasa twende shambani. Kibali kimepatikana, leseni iko mfukoni, mwenyekiti wa kijiji amearifiwa, na majirani wa pande zote nne wameambiwa siku na saa. Watoto wanaolinda wameitwa nyumbani na kuhesabiwa. Aliye karibu na mto amejua mpaka uko upande gani, na ameapa kutolenga upande huo.

Kanuni kubwa ya kwanza: tumbili aliye juu ya mti hapigwi. Huko nyuma yake kuna mbingu tu, na risasi ya mbinguni hurudi duniani mahali usipopajua, penye soko, penye shule au penye forodha ya Malaba iliyojaa madereva wa malori. Mngojee ashuke. Atashuka tu, kwa kuwa mahindi yako chini.

Kanuni ya pili: jipatie mahali pa juu. Tuseme askari amelala chini kifudifudi, mtutu wake ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini, na tumbili ameketi mita 50 mbele yake. Risasi itakwenda sambamba na ardhi, na ikimkosa itaendelea kuvuka mashamba matatu. Sasa tuseme askari yule yule ameketi juu ya kichuguu cha mita 2, jicho likiwa mita 3 kutoka ardhini. Risasi ile ile itaelekea chini, nayo itagusa udongo yapata mita 6 nyuma ya tumbili. Bunduki ni ile ile, na shabaha ni ile ile, lakini wa kwanza amehatarisha kijiji, na wa pili amefyatua ndani ya shamba moja. Tena kichuguu kingine kikiwa nyuma ya mnyama ni tuta bora kuliko mengi ya uwanja wa shabaha. Jabali si tuta. Jabali ni chanzo cha kudunda.

Kanuni ya tatu: kama tuta halipo, risasi haipo. Hata kama tumbili ni mkubwa kuliko wote, hata kama wazee wanatazama na kunong'ona.

Ndugu zetu polisi wana kazi nyingine inayofanana na hii, nayo ni ya mbwa mwenye kichaa anayeingia sokoni. Huko hatari ya kudunda juu ya lami na sakafu za saruji ni kubwa zaidi, basi mbwa asukumwe kwanza hadi penye udongo, na watu waondolewe. Naye apigwe kifuani, wala si kichwani, kwa sababu daktari wa mifugo huhitaji ubongo mzima ili maabara ithibitishe ugonjwa. Uthibitisho huo huharakisha matibabu ya aliyeumwa. Aliyeumwa asingoje majibu: jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali kuchanjwa.

HESABU YA MWISHO

Mwenye bunduki aelewe pia deni analolichukua. Ifungiwe sandukuni, risasi zikiwa mahali pengine. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 yadai leseni, na Kenya ina yake. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa sahihi mwaka 2004 na nchi za eneo hili, iliagiza silaha zitiwe alama ili asili yake ijulikane. Bunduki isiyo na alama katika mji wa mpakani ni ushahidi wa jinai, hata kama mwenyewe hakuitumia ila kwa tumbili. Wala leseni ya upande mmoja haimruhusu mtu kuvuka nayo kwenda kumsaidia shemeji wa upande wa pili.

Na bunduki haimalizi kazi. Tumbili ni mwerevu. Kundi likipoteza mmoja litahamia kwa jirani, kisha litarudi mlinzi akichoka. Wakulima wanaofaulu ni wale wanaofyeka ukingo wa shamba ili mnyama aonekane kabla hajaingia, wanaopanda mahindi mbali na miti na kuacha pilipili au zao lisilopendwa upande wa kichaka, na wanaolinda kwa zamu, watu wazima wakiwaachia watoto nafasi ya kwenda shule. Askari aliye likizoni anaweza kuipanga zamu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote kijijini, maana ndiyo kazi aliyosomea. Huenda huo ukawa msaada mkubwa kuliko risasi zake zote.

Lakini siku ile bunduki itakapohitajika, iwe nyepesi, iwe imesawazishwa, darubini yake ioneshe kwa upana, na aliyeishika awe ameketi juu ya kichuguu akiujua udongo utakaoipokea risasi yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ikitoka hairudi. Mahindi yaliyoliwa hupandwa tena msimu ujao. Mtoto aliyetumwa kisimani hana msimu wa pili.